Kinyongo cha Mkuu wa Zamu

Sogeeni karibu. Mwenye haraka aende zake na amani, maana habari hii haisemwi kwa mbio. Ni habari ya nyumba moja tu, nyumba ya Mwamini, hapa kwetu kando ya njia ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea. Lakini kabla sijaanza nawaambieni mapema: mkisikia humu ndani mtu mbaya, msihangaike kumtafuta mbali. Mtu huyo ni mimi Mbaruku ninayesema nanyi, na mvi hizi hazijanifutia kosa.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka hamsini. Mikorosho haikuwa mingi kama leo, lakini iliyokuwepo ilitosha kukinukisha kijiji kizima mabibo, yale matunda yake yenye maji mengi, tangu alfajiri. Mwamini, mjane, alikuwa akikaa nyuma ya nyumba yake akitenga korosho huku na mabibo huku, na mwanawe Shaban amekaa karibu naye akisuka tenga. Shaban alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwepesi wa kucheka. Kwa kusuka matenga hakuwa na mwenzake. Tenga la Shaban ulijaze mabibo mpaka juu, ulitupe chini, halifumuki hata uzi mmoja. Watu walikuwa wakiyafuata kutoka Mbekenyera. Mikono ile ndiyo iliyomlisha mama yake, kwa kuwa shamba lao lilikuwa dogo na Mwamini mgongo ulikuwa umeshamchoka.

Shaban alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kifafa. Kilimshika tangu akiwa mdogo. Kikimjia alianguka popote alipo, mwili ukatikisika, povu likamtoka. Kisha akazinduka, na hapo kwa muda aliyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Baadaye akarudi kuwa Shaban yuleyule, anacheka, anauliza tenga lake liko wapi.

Kijiji kizima kilijua. Nami nitawaambia kilijuaje.

Siku zile tulijilinda wenyewe kwa zamu, na mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Nilikuwa na mafungu mawili ya vijiti, kila nyumba na kijiti chake. Kila asubuhi nilitoa vijiti viwili fungu la huku nikavitia fungu la kule, na wanaume wa nyumba hizo mbili ndio wenye zamu siku ile. Mnadhani kazi ya zamu ilikuwa kukimbiza wezi? Wezi wenyewe walikuwa wawili, na tuliwajua kwa majina! Kazi kubwa ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kubisha hodi na kuuliza mmeamkaje. Mwenye zamu alitakiwa kujua nani ana homa, nani ana mgeni, mke wa nani mimba yake imekomaa. Na nyumba ya Mwamini ilikuwa na amri yake. Mkimkuta Shaban ameanguka, mlazeni ubavu. Mwondoeni penye moto na penye maji. Msimkimbie, povu lile haliambukizi. Kaeni naye mpaka azinduke, kisha mshikeni mkono mmrudishe kwa mama yake. Amri hiyo niliitoa mimi, na kwa miaka kumi na miwili Shaban hakupata hata alama ya moto mwilini.

Basi, wakaja watu wa karanga, Wazungu wa mradi wa mashamba makubwa ya karanga.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Huko Nachingwea misitu iliangushwa na makatapila, reli ikaletwa, watu wakamiminika kutoka Songea, Masasi, Msumbiji na bara kwa ajili ya kibarua. Njia yetu iliyokuwa ya mbuzi ikawa ya malori. Kuku wakaanza kupotea, nguo zikaibwa kambani. Na sisi wa zamu, badala ya kuongeza macho, tukaongeza fimbo. Mchana mmoja wenzangu walimkuta kibarua amelala karibu na kisima, wakamwita mwizi, wakampiga mpaka mkono ukavunjika. Kumbe maskini alikuwa amepotea njia, anakwenda kwa dada yake Nanganga. Mimi sikumpiga. Lakini nilikuwepo, na sikusema basi.

Habari ikafika kwa Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa wilaya. Likaitishwa baraza, na Jumbe wetu akasimama mbele ya watu wote akatangaza: zamu imevunjwa. Ulinzi utapangwa upya. Ataletwa askari wa mshahara, na mwenye shauri lolote aende kwa askari. Atakayeonekana anajifanya mlinzi, yeye ndiye atakayefungwa. Kisha akanitaka nilete vijiti vyangu palepale. Nikavileta. Akavipokea kwa mkono mmoja, akaviweka chini ya kiti chake, akaendelea kusema mambo ya kisima.

Askari mwenyewe aliitwa Swalehe, mtu wa bara, kijana mpole mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa. Akaambiwa apige filimbi watu waisikie. Akaipiga. Lo! Watu wakapiga makofi na vigelegele, walewale niliowaamkia kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Nami nikacheka nao kwa meno, lakini moyoni pakaingia kitu.

Sitaki kusema uongo. Amri ile ilikuwa na haki yake. Tulivunja mkono wa mtu asiye na kosa, na kijiji kinachojilinda kwa hasira hakikawii kuua. Lakini ulipaswa kuondolewa ubaya wetu, na wema wetu ubaki. Hilo halikusemwa na mtu, na mimi niliyeweza kulisema nilikwenda nyumbani nikanuna.

Juma la kwanza tu Swalehe akaja barazani kwangu. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi mgeni. Nimepewa vijiji vinne na miguu miwili. Nimeambiwa wewe unakijua kila chungu cha hapa. Nizungushe japo siku moja, nijue nani ni nani."

Nikamtazama. Nikamjibu, "Si umepewa filimbi? Ipulize, watu watakuja wenyewe wakwambie majina yao."

Akasema, "Haya, mzee," akavaa kofia akaenda. Mke wangu Mwanne alikuwa akipepeta mtama pembeni. Akatua ungo.

"Baba Fatu, wewe umenuniwa na nani mpaka umnunie mtoto wa watu?"

"Wamenivua kazi yangu."

"Wamekuvua vijiti. Kujua watu nako wamekuvua?"

Nikamwambia anyamaze apepete mtama. Alinyamaza, lakini mnamjua Mwanne, kunyamaza kwake kuna kelele kuliko kusema.

Siku mbili baadaye akaja Mwamini. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwamini hakujua Kiswahili. Alijua cha kuuzia korosho na cha kusalimia, basi. Lugha yake ilikuwa Kimwera. Na Swalehe wa bara alijua Kiswahili, Kimwera hakujua hata neno. Kwa hiyo mama yule akaja kwangu, akapiga magoti kama mila yetu ilivyo, akaniambia kwa lugha yetu:

"Kaka, wenye zamu hawapiti tena. Namwogopea Shaban. Huyo askari hamjui. Nenda ukamwambie kwa kinywa chako, kwa sababu mimi changu hakifiki."

"Nitamwambia," nikasema.

"Lini, kaka?"

"Nimesema nitamwambia, Mwamini."

Akashukuru mara mbili, akaenda zake ametulia. Na mimi sikwenda. Siku ya kwanza nilisema nina kazi ya majembe. Siku ya pili nikasema, kwani mimi tarishi wa askari? Siku ya tatu sikusema kitu, nikawa sikumbuki makusudi. Wapo watu wa namna hiyo mpaka leo, na wengine wamekaa mbele yangu hapa.

Zikapita siku kama kumi. Ikafika siku ya gulio, jua la saa nne. Nimekaa barazani natia mpini jembe. Shaban alikuwa ametoka shamba peke yake na tenga la mabibo kichwani. Zamani mwenye zamu angemsindikiza. Akaanguka njiani, hatua thelathini kutoka kwangu, nyuma ya kibanda cha Severini fundi baiskeli. Sikumwona akianguka. Nilimwona akiinuka. Mabibo yamepondeka chini yake, shati limelowa maji ya mabibo kifuani mpaka tumboni, anayumba, anasema maneno yake yale.

Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, lori la kambi moja ya wang'oa visiki lilikuwa limesimama pale pale. Nyapara wao, Bernardo, alikuwa amekuja kuwatafuta vibarua wake waliotoroka kazi kwenda kunywa uraka, pombe ya mabibo, na Swalehe alikuwa akimsaidia. Wanne walikwishapakiwa; alibaki mmoja, kibarua mpya ambaye Bernardo hakumjua vizuri sura. Bernardo akamwona Shaban, akamnusa.

"Wa tano huyu hapa! Ananuka uraka mwili mzima."

Mtu wa kwetu yeyote angejua. Mabibo mabichi na uraka uliochacha havinuki sawa, hata kidogo. Lakini Bernardo na Swalehe walikuwa watu wa mbali, harufu zile mbili kwao zilikuwa moja. Hata hivyo Swalehe alisita. Namshuhudia mbele ya Mungu, alisita. Akamshika Shaban bega, akamtazama machoni, akamwacha, akaja mpaka barazani kwangu.

"Mzee, unamjua huyu? Ni mlevi huyu, au mgonjwa?"

Ndugu zangu, lile lilikuwa swali la maneno machache. Jibu lake lilikuwa maneno mawili. Nilikuwa nayo hapa, ulimini. Na nilimwona vizuri Shaban, ambaye nilikifundisha kijiji kizima namna ya kumlaza.

Nikasema, "Mimi si mkuu wa zamu tena. Kujua watu ni kazi yako sasa. Si unalipwa?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wa gulio, labda ishirini. Wote walijua. Teodosia, mke wa Severini, akasogea na kufungua kinywa, "Lakini huyu si..." Nikamtazama. Nilimtazama tu, na yeye alikuwa amezoea kunitii kwa mambo ya zamu, akafikiri nina sababu. Akafunga kinywa, na wengine wakafunga vya kwao. Kwa nini? Kwa sababu walikwishaambiwa barazani mambo ya ulinzi si yao, na sasa waliona hata Mbaruku mwenyewe hasemi.

Shaban akapandishwa lori. Alikuwa ameanza kurudiwa na akili, akawa anageuka geuka. Akaniona. Akainua mkono kunisalimia, lori likaondoka.

Niliendelea kutia mpini. Mkono ulikuwa hautaki, nikaulazimisha. Nikajiambia, watamwacha akizinduka vizuri, shauri yao. Haikupita nusu saa nikasikia sauti ya Mwamini inatoka njia ya shamba. Ameambiwa. Hakuja kupiga magoti safari hii. Alisimama uani, kanga imemdondoka begani, akasema kwa Kimwera maneno matatu tu: "Kaka, ulimwambia askari?"

Nikainamia mpini wangu. Mwanne akatoka ndani. Alinitazama uso wangu akaelewa yote, maana wake zetu hatuwafichi kitu.

"Mbaruku!" akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina tangu tuoane. "Inuka. Inuka sasa hivi ukamtoe mtoto wa mwenzio, au usikanyage tena mlango huu."

Nikaazima baiskeli kwa Severini, nikampakia Mwamini nyuma. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alinishika shati kwa mikono miwili, na njia nzima nilisikia pumzi yake mgongoni. Vumbi la malori lilikuwa kama majivu, na kambi ilikuwa mbali. Tulifika jua limeinama, watu wanajipanga kwa chakula.

Yaliyotokea kabla hatujafika nilisimuliwa baadaye na mpishi. Wale watano walipofika walipewa adhabu ya kazi za jikoni. Wengine walichanja kuni, na Shaban akaambiwa achochee moto chini ya pipa la maji. Alisema, "Mimi mgonjwa, msiniweke penye moto." Wakacheka. Walevi wote husema ni wagonjwa. Akachochea. Kifafa kikamrudia palepale, akaangukia mbele, mikono miwili ndani ya makaa. Waliokuwa karibu waliona povu, wakaogopa kuambukizwa, wakakimbia. Hapakuwa na hata mmoja aliyefundishwa. Mpishi alipofika mbio na kumvuta, mikono ilikuwa imeshakwisha.

Tulimkuta amelazwa kwenye gunia kivulini, mikono imefungwa vitambaa vilivyolowa. Mwamini hakupiga yowe. Alikaa chini, akakiweka kichwa cha mwanawe mapajani, akaanza kumfuta majivu usoni kwa ncha ya kanga. Shaban akafumbua macho. "Mama," akasema, "tenga langu nimeliacha njiani." Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikalia kama mtoto, na Bernardo naye nilimkuta huko, ameshika kofia mkononi.

Lori lilelile likamchukua hospitali ya misheni. Alikaa miezi mitatu. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini vidole viligandamana, mikono ikabaki ngumi mbili zisizofunguka. Hakusuka tena. Kula alilishwa, na nguo alivalishwa.

Likaitishwa baraza. Jumbe alikuwa amekasirika, na alitaka Swalehe avuliwe kaki na arudishwe kwao kwa aibu kwa kumkamata mgonjwa. Mimi nilikaa mstari wa nyuma. Swalehe akasimamishwa aseme.

"Nilimkamata mtu bila kumjua," akasema. "Kosa ni langu."

Basi. Hakunitaja. Angeweza kuninyooshea kidole mbele ya umati, na watu ishirini wangemshuhudia. Hakunitaja. Nilingoja aendelee, akakaa.

Sijui niliinukaje. Nilijikuta mbele. Nikasema yote: kwamba aliniomba nimzungushe nikamkatalia, kwamba Mwamini alinipigia magoti nikamdanganya, kwamba askari aliniuliza nikajua na nikamnyima. Nilisema kwa Kiswahili ili karani aandike. Kisha nikamgeukia Mwamini nikayarudia yote kwa Kimwera, neno kwa neno. Yalikuwa mengi. Jasho lilinitoka. Nilipomaliza nikamwambia, "Dada, nimekukosea."

Mwamini akasema, taratibu, bila ukali:

"Kaka, leo umesema maneno mengi sana. Siku ile yangetosha mawili."

Swalehe hakufukuzwa. Alionywa, akabaki. Na Jumbe, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka, alikubali amri ile irekebishwe: fimbo zetu zisirudi, lakini asubuhi wenye nyumba wapite tena kujuliana hali, na askari apite nao. Kesho yake nilikwenda kumgongea Swalehe mlango kabla ya jua. Tulizunguka siku nne. Nyumba ya kwanza kumwingiza ilikuwa ya Mwamini, nami nikawa mkalimani.

Mwamini alimlisha mwanawe kwa mkono wake mpaka alipofariki. Baada yake tumemlisha mimi na Mwanne. Nimemtia tonge kinywani maelfu ya mara. Ananishukuru kila mara, na bado anacheka. Hajawahi kuniuliza hata siku moja kwa nini sikusema.

FUNZO

Sasa funzo lenyewe, na nalisema waziwazi asije mtu akasema hakulisikia.

Serikali zinakuja na kupanga ulinzi. Leo jumbe, kesho askari, keshokutwa sijui nani na kofia ya rangi gani. Wana haki ya kupanga, na sisi tukikosea tuna wajibu wa kupangwa. Lakini hakuna serikali inayoweza kumleta mtu anayemjua Shaban. Huyo hutoka hapahapa, jirani ya Shaban. Mkiwaachia walinzi kazi ya kukamata, sawa. Msiwaachie kazi ya kujua, maana hawaiwezi bila ninyi, na anayeumia si wao.

Wewe uliyenyang'anywa cheo, najua kinavyochoma, usidhani sijui. Nuna ukitaka. Kanune shambani, kanune na jembe lako. Ila kinyongo chako usikilipize kwa mtu wa tatu. Wazee walisema hasira hasara, nami nilidhani hasara hiyo humpata mwenye hasira. Sivyo. Mimi mikono yangu ni hii hapa, mizima yote miwili.

Akija mtu akakuuliza, "Unamjua huyu?", na wewe unamjua, mjibu hapohapo.